Siku tisa na ujumbe wa usimamizi: makubaliano ya mkopo yakifika barabarani

Ujumbe wa usimamizi ni ziara ya kukagua mradi unaoendelea. Mkopeshaji na serikali huifanya pamoja, kwa kawaida mara mbili kwa mwaka. Simulizi hii inaufuata ujumbe mmoja wa mfano tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho. Mradi ni barabara ya kilomita 60 inayowekwa lami kwa mkopo wa dola milioni 100 kutoka benki ya maendeleo ya kimataifa. Mkopaji ni nchi, ikiwakilishwa na wizara ya fedha, mtekelezaji ni wakala wa barabara, na mkandarasi anafanya kazi chini ya masharti ya mkataba ya FIDIC (shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri) ya mwaka 1999. Timu ina kiongozi, mwanasheria, mhandisi, mtaalamu wa ununuzi, mhasibu, na mtaalamu wa jamii na mazingira.

Mara nyingi mwanasheria huachwa ofisini aulizwe kwa simu. Ni uamuzi mbaya. Karibu kila tatizo litakaloonekana barabarani lina kifungu chake kwenye makubaliano, na kila kifungu kina tarehe. Asiyekuwepo kwenye kifusi hawezi kujua ni kifungu gani kimeanza kuvunjika.

Siku ya 1: mezani

Hakuna gari linalotoka leo. Nyaraka tano zinawekwa mezani: makubaliano ya mkopo, masharti ya jumla ya mkopeshaji, waraka wa utoaji wa fedha, mpango wa ununuzi, na mpango wa ahadi za mazingira na jamii. Watu wengi huruka masharti ya jumla kwa kuwa ni marefu na hayataji nchi yao hata mara moja. Lakini humo ndimo yamewekwa mamlaka ya kusimamisha utoaji wa fedha, kufuta sehemu ya mkopo, na kudai marejesho ya fedha zilizotumika nje ya kusudi.

Kazi ya siku ni kugeuza nyaraka hizo kuwa jedwali la safu tano: kifungu, anayewajibika, anachotakiwa kufanya, mwisho wa muda, na ushahidi kwamba kimefanyika. Ripoti ya fedha ya robo mwaka hutakiwa ndani ya siku 45 baada ya robo kwisha. Ripoti ya mkaguzi wa hesabu hutakiwa ndani ya miezi 6 baada ya mwaka wa fedha. Mtaalamu wa jamii na mazingira aajiriwe kabla ya tarehe fulani, na kamati ya uongozi ikutane mara mbili kwa mwaka. Jedwali la mradi wa kawaida hufikia mistari 40 au 50, na ndilo litakaloongoza kila kikao kuanzia kesho.

Mstari wa kwanza unahusu kuanza kutumika kwa mkopo. Kusaini hakutoshi. Makubaliano hutaja masharti ya kutimizwa na siku ya mwisho ya kuyatimiza. Muda huo ukipita bila kuongezwa, makubaliano huweza kukoma kabla senti moja haijatoka. Na mkopo uliolala una gharama: ada ya ahadi ya asilimia 0.25 kwa mwaka juu ya salio la dola milioni 80 lisilotolewa ni dola 200,000, zinazolipwa kwa sababu tu kazi haisogei.

Siku ya 2: hazina na ofisi ya mwanasheria mkuu

Asubuhi ni ya maswali ya sheria. Je, bunge liliridhia mkopo pale katiba inapotaka hivyo? Je, aliyesaini alikuwa na hati ya kumpa mamlaka? Je, maoni ya kisheria ya mwanasheria mkuu yanasema wazi kwamba makubaliano yanaifunga nchi? Mradi ukiwa mwaka wa tatu maswali haya huonekana ya zamani. Hata hivyo marekebisho yoyote ya makubaliano, kama kuongeza fedha au kubadili mtekelezaji, huyafufua upya.

Makubaliano kati ya nchi na benki ya kimataifa si mkataba wa kibiashara wa kawaida. Yanatawaliwa na sheria ya kimataifa, na Benki ya Dunia huyasajili Umoja wa Mataifa kwa mujibu wa ibara ya 102 ya Mkataba wa Umoja huo. Ibara ya 27 ya Mkataba wa Vienna wa 1969 kuhusu sheria ya mikataba inasema nchi haiwezi kutumia sheria yake ya ndani kama sababu ya kutotimiza mkataba. Mkataba huo unahusu mapatano baina ya nchi na nchi. Ule wa 1986, unaohusu mashirika ya kimataifa, bado haujaanza kutumika, lakini una kanuni hiyohiyo. Kanuni hiyo tutaihitaji siku ya 6, kwenye fidia. Mikopo ya benki za biashara ni jambo jingine kabisa: mara nyingi huchagua sheria ya Uingereza na mahakama au usuluhishi wa nje, kwa hiyo mwanasheria anayehamia huko asibebe mazoea ya huku.

Sheria humbana mtoaji pia. Mwaka 1994 Mahakama Kuu ya Uingereza iliamua kwamba serikali yake ilivunja sheria ilipotoa pauni milioni 234 kwa bwawa la Pergau nchini Malaysia, kwa sababu sheria iliruhusu misaada ya kukuza maendeleo na mradi ule haukuwa na mantiki ya kiuchumi. Afisa wa mtoaji anayesema "hilo ni la kisiasa, tuliache" ajue kwamba mahakama zimewahi kuliangalia.

Mchana ni wa hazina. Mambo mawili hukwamisha miradi hapa kuliko mengine yote. La kwanza ni makubaliano ya kukopesha tena, yaani hati ambayo kwayo wizara ya fedha humpa mtekelezaji zile fedha. Bila hati hiyo wakala wa barabara hana haki wala wajibu wowote kisheria kuhusu mkopo. La pili ni kodi. Makubaliano yakisema fedha za mkopo hazilipi kodi, lakini msamaha haujatangazwa kwenye gazeti la serikali, mitambo ya mkandarasi hubaki bandarini. Kila siku inayopita hapo huzaa gharama ya kuhifadhi mzigo na dai la kuongezewa muda.

Kabla ya kuondoka, mhasibu anauliza kasma. Mchango wa serikali, ambao ndio hulipa fidia ya ardhi, uko kwenye bajeti ya mwaka huu au uko kwenye barua ya ahadi tu? Barua hailipi mtu.

Siku ya 3: majalada ya zabuni

Siku nzima iko ofisi ya mradi. Mtaalamu wa ununuzi haanzi na ripoti ya tathmini. Anaanza na tangazo, kisha kumbukumbu za kufungua zabuni, halafu maswali ya wazabuni na majibu yake, na ripoti inakuja mwisho. Mpangilio huu una sababu. Ripoti huandikwa na mtu anayejua mshindi, na huwa nadhifu. Kasoro hubaki kwenye karatasi zilizotangulia.

Anatafuta mambo mahususi. Je, vigezo vilivyotumika kumpima mzabuni ndivyo vilivyotangazwa, au kimoja kiliongezwa njiani? Je, muda wa uhai wa zabuni ulikwisha kabla ya barua ya kukubali? Ukiwa umekwisha bila wazabuni kukubali kwa maandishi kuuongeza, hakuna zabuni ya kukubali tena, na wengi hugundua hilo mkataba ukiwa umeshasainiwa. Je, baada ya kutangaza nia ya kumpa mshindi mkataba, wazabuni walipewa muda wa kusubiri ili walalamike? Kanuni za Benki ya Dunia zinataka siku 10 za kazi. Je, dhamana ya utekelezaji imethibitishwa moja kwa moja na benki iliyoitoa, au ilipokelewa tu kwa kuwa ina mhuri?

Kisha orodha ya kampuni zilizofungiwa kupata mikataba. Tangu makubaliano ya Aprili 2010, benki tano za maendeleo, zikiwemo Benki ya Dunia na Benki ya Maendeleo ya Afrika, zinatambua adhabu zinazotolewa na mwenzao. Kampuni iliyofungiwa na moja hadharani kwa zaidi ya mwaka mmoja inaweza kufungiwa na zote. Orodha iangaliwe mara mbili: wakati wa tathmini na siku ya kusaini. Wakandarasi wadogo na wabia waangaliwe pia. Mfano unaofaa kukumbukwa ni mradi wa maji wa nyanda za juu za Lesotho. Kampuni ya Kanada ya Acres International ilitiwa hatiani nchini humo kwa rushwa mwaka 2002, na mwaka 2004 Benki ya Dunia ikaifungia miaka 3. Mahakama ya nchi ndogo ndiyo iliyofanya kazi ngumu. Benki ilifuata baadaye.

Siku ya 4: akaunti ya mradi

Fedha hutoka kwa njia kuu tatu: kumlipa mkandarasi moja kwa moja, kurejesha kile ambacho serikali imekwisha kulipa, na kutanguliza fedha kwenye akaunti maalumu. Njia mbili za kwanza hazina matata mengi. Akaunti maalumu ndiyo inayohitaji siku nzima.

Tuseme kiwango cha juu cha akaunti ni dola milioni 5. Mkopeshaji anaweka milioni 5, ofisi inatumia milioni 3, kisha inapeleka taarifa ya matumizi ili ijaziwe tena. Tatizo huanza pale matumizi ya laki 4 yanapokosa risiti kamili. Ofisi inaziweka pembeni "hadi vielelezo vipatikane", na akaunti sasa inazunguka kwa milioni 4.6. Robo inayofuata zinaongezeka laki 3. Baada ya mwaka na nusu akaunti iliyopangwa kubeba miezi minne ya kazi inabeba miwili, malipo ya watumishi yanachelewa, na kila mtu anamlaumu mkopeshaji kwa kutoa fedha polepole. Dawa yake ni usuluhishi wa hesabu kila mwezi wenye mistari mitano tu: kilichopokelewa, kilichohesabiwa, kilichotumika ila hakijahesabiwa, kilichokataliwa, na salio la benki. Jumla ya minne ya mwisho isipolingana na wa kwanza, hakuna kwenda mbele hadi tofauti ipatikane.

Matumizi yanayokataliwa mara nyingi yanajulikana: posho za semina ambazo hazikuwa kwenye mpango kazi ulioidhinishwa, mafuta bila daftari la safari, kodi pale makubaliano hayairuhusu, na bidhaa zilizonunuliwa kabla ya tarehe inayoruhusiwa. Fedha hizo hurudishwa na serikali kutoka mfuko wake, si kutoka kwenye mkopo.

Siku ya 5: kilomita 0 hadi 30

Mhandisi sasa ndiye anayeongoza. Gari linasimama kwenye vituo vilivyochaguliwa na timu yenyewe asubuhi hiyohiyo, wala si vile vilivyoandaliwa na mkandarasi. Kati ya kilomita 12 na 17 tabaka la msingi limekwisha kulipiwa. Michoro inataka unene wa milimita 150. Yanachimbwa mashimo matatu ya kupima, na wastani ni milimita 130. Pungufu ya milimita 20 kwa upana wa mita 7 na urefu wa kilomita 5 ni mita za ujazo 700 za kokoto zilizolipwa bila kuwekwa. Mashimo matatu hayatoshi kumtia mtu hatiani. Yanatosha kumtaka mhandisi mkazi apime upya kipande chote kwa gharama ya mkandarasi iwapo kasoro itathibitika, na kukata tofauti kwenye hati ya malipo inayofuata. Kipimo cha ushindiliaji kifanyike hapohapo, kwa sababu tabaka jembamba mara nyingi limeshindiliwa vibaya pia.

Jioni, kwenye ofisi ya kambi, hati za malipo zinasomwa na mwanasheria akiwepo. Hapa kuna kosa linalorudiwa karibu kila mradi. Chini ya kifungu cha 14.7 cha FIDIC ya 1999, mwajiri, yaani wakala wa barabara, ana siku 56 za kulipa, na watu wengi huzihesabu tangu mhandisi anayesimamia mkataba (si yule wa timu yetu) asaini hati ya malipo. Sivyo. Zinahesabiwa tangu mhandisi apokee taarifa ya madai ya mkandarasi. Mhandisi mwenyewe ana siku 28 za kutoa hati kwa kifungu cha 14.6. Akizitumia zote, zimebaki 28 za mwajiri kuhakiki, wizara kusaini ombi, na mkopeshaji kulipa. Zikipita, riba inaanza bila mkandarasi kuidai: asilimia 3 juu ya kiwango cha benki kuu ya sarafu ya malipo, ikijumuishwa kila mwezi. Riba ya aina hiyo kwa kawaida hailipiwi na mkopo. Ofisi inayojua hili hupanga siku 14 kwa mhandisi, 7 kwa mwajiri, 7 kwa wizara, na kuacha zilizobaki kwa benki.

Siku ya 6: kilomita 34 hadi 41

Kipande hiki hakijaguswa. Nyumba zimesimama, mazao yako shambani, na mitambo ya mkandarasi imeegeshwa kilomita 33. Mkataba wa ujenzi ulitaka mwajiri akabidhi eneo lote miezi sita baada ya kuanza kazi. Kwa kifungu cha 2.1 mkandarasi ana haki ya kuongezewa muda, gharama, na faida ya wastani. Fidia ambayo haikulipwa kwa wakati inalipwa sasa mara mbili: kwa wenye nyumba na kwa mwenye mitambo.

Sababu ya mkwamo ni mgongano wa sheria mbili. Sheria ya ardhi ya nchi nyingi humlipa mwenye hati kwa thamani ya soko baada ya kuondoa uchakavu. Viwango vya mkopeshaji, kama kile cha tano kati ya vile kumi ambavyo Benki ya Dunia imevitumia kwa miradi mipya tangu Oktoba 2018, vinataka gharama kamili ya kujenga upya bila kuondoa uchakavu. Vinataka pia jengo la asiye na hati lilipwe, hata kama ardhi yenyewe hailipwi. Mthamini wa serikali anasema hana mamlaka ya kulipa zaidi ya sheria. Anasema kweli. Lakini nchi ilikubali zaidi, na hapo ndipo ibara ya 27 inaporudi. Njia inayofanya kazi ni kulipa kwa mafungu mawili: thamani ya kisheria kupitia utaratibu wa kawaida, na nyongeza kama msaada wa kuhama, iliyowekwa kwenye mpango wa uhamishaji na kasma yake tangu mwanzo. Kuitafuta nyongeza hiyo mwaka wa tatu ni vigumu mno.

Mtaalamu wa jamii anapita nyumba kwa nyumba akiwa na orodha ya sensa. Analinganisha majina, tarehe ya ukomo wa kuhesabiwa, kiasi, na saini ya kupokea. Anauliza nani alipokea fedha. Kaya nyingi hulipwa kwa jina la mume peke yake, na mke hajui kiasi. Akaunti ya pamoja na picha ya wanandoa wote wawili wakisaini ni sharti dogo linalozuia madhara makubwa.

Anakwenda pia shuleni na kwenye zahanati, bila mkandarasi, bila wakala wa barabara. Sababu ina jina: Uganda, Desemba 2015. Benki ya Dunia ilifuta fedha za mradi wake wa sekta ya uchukuzi, baada ya malalamiko kwenye barabara ya Kamwenge hadi Fort Portal kuonyesha kwamba wafanyakazi wa ujenzi waliwadhulumu kingono wasichana wadogo. Taarifa za usimamizi hazikuwa zimeliona hilo mapema. Walioliona ni wakazi, na wao ndio waliopeleka malalamiko kwenye Jopo la Ukaguzi la benki hiyo, lililoundwa mwaka 1993. Tangu Januari 2021 mkandarasi anayekiuka wajibu wake kuhusu unyanyasaji wa kingono anaweza kuzuiwa kupata mikataba ya benki hiyo kwa miaka 2. Kwa hiyo hapa daftari la malalamiko lisipokuwa na lalamiko hata moja, isichukuliwe kuwa habari njema. Kambi ya wafanyakazi 300 isiyo na lalamiko lolote kwa mwaka mzima ina utaratibu usiojulikana au usioaminika. Kipimo ni rahisi: muulize mwanamke yeyote anayepita barabarani angemwambia nani.

Siku ya 7: madai

Mkandarasi ameleta madai matatu. Kwanza mwanasheria anaangalia tarehe, kwa sababu kifungu cha 20.1 kinampa siku 28 za kutoa taarifa tangu alipojua, au alipopaswa kujua, juu ya tukio. Dai la mvua lililetwa siku ya 45, na limepotea. Dai la kucheleweshewa eneo lililetwa siku ya 20, na litasimama. Katika toleo la 2017 muda huo wa siku 28 unambana mwajiri pia. Ofisi zilizohamia toleo hilo zisidhani zina uhuru wa zamani.

Lawama kwa mkandarasi zisichukue muda mwingi kuliko ushahidi. Kumbukumbu za kila siku za mitambo, zilizosainiwa na pande zote mbili, huamua dai kuliko barua kumi za hasira.

Siku ya 8: bangokitita

Kurudi mjini na kujaza matokeo. Bangokitita, yaani jedwali linalounganisha malengo ya mradi, viashiria na dhana zake, lenye ngazi nne, lililoanzia shirika la misaada la Marekani mwaka 1969, bado ndilo umbo la ripoti nyingi. Kasoro iliyozoeleka ni kiashiria kisicho na kipimo cha mwanzo: "muda wa safari umepungua kwa asilimia 40", lakini hakuna aliyeupima kabla ya ujenzi. Kwa kipande ambacho hakijaguswa bado kuna nafasi. Pima wiki hii, magari yasiyopungua 30, siku ya soko na siku ya kawaida.

Safu ya dhana isomwe upya. Iliandikwa humo kwamba fidia italipwa kabla ya mwezi wa sita. Haikutimia, na hakuna aliyebadili mpango kazi.

Siku ya 9: hati ya kumbukumbu

Rasimu ya hati hii, inayoandika hatua zilizokubaliwa na ujumbe, inajadiliwa sentensi kwa sentensi na wizara na wakala. Maneno kama "serikali itaharakisha" yanaondolewa yote. Badala yake: wizara ya fedha itahamishia fedha za fidia za kilomita 34 hadi 41 kwa wakala kabla ya tarehe 30 ya mwezi ujao, na ushahidi ni nakala ya hati ya benki. Mhandisi mkazi atapima upya kilomita 12 hadi 17 ndani ya siku 21. Hatua zisizidi kumi. Zikifika ishirini na tano hakuna itakayofanyika. Barua ya mkopeshaji itakayofuata itaje vifungu vilivyokiukwa kwa namba, kwa kuwa tahadhari isiyotaja kifungu haina uzito endapo utoaji wa fedha utasimamishwa baadaye.

La mwisho mezani ni tarehe ya kufungwa kwa mkopo, imebaki miezi 14. Kwa kipande cha kilomita 7 kinachoanza baada ya fidia, ratiba ya mkandarasi inahitaji miezi 16. Ombi la kuongeza muda lipelekwe sasa, likiwa na ratiba mpya na ushahidi wa fidia. Likisubiri miezi miwili ya mwisho, mkandarasi atakuwa ameshaondoa mitambo. Tarehe hiyo ikipita, kazi zilizofanyika kabla yake tu ndizo zinazoweza kulipwa, na maombi yake hupokelewa katika kipindi cha ziada, kwa kawaida miezi 4. Salio lisiloombwa hufutwa, na fedha za akaunti maalumu zisizo na hesabu hurudishwa.